Mzee wa Pipa la Mshazari

Mtu ninayetaka kumwelezea, Mungu amrehemu, alinifukuzisha kazi. Natanguliza hilo mapema ili nitakapoanza kumsifu, na nitamsifu, asitokee mtu akasema nimesahau. Sikusahau. Lakini katika watu wazima wote niliofanya nao kazi Tanga sijapata kumpenda mwingine kama yeye, wala sijapata kumcheka mwingine kama yeye, na mambo yote matatu yamekaa pamoja moyoni mwangu miaka hii yote bila kugombana.

Tulimwita Mzee wa Rangi. Jina alikuwa nalo, la baba yake na la babu yake pia, maana Wapemba hawapungukiwi majina, lakini hapa halituhusu. Ilikuwa miaka ya hamsini, katika karakana moja nyuma ya reli, mali ya tajiri mmoja wa Kihindi aliyeleta mashine mbili za kutengeneza vitu vya plastiki: vitana, vifungo vya mashati, na bangili. Siku hizo plastiki ilikuwa kitu kigeni, watu wakisimama dirishani kutushangaa. Plastiki yenyewe ilikuja kwa meli ndani ya magunia, punje punje kama mchele, haina rangi ya maana. Rangi ilikuja peke yake ndani ya makopo, unga laini kuliko poda ya mtoto. Kazi ya Mzee ilikuwa kuvichanganya viwili hivyo mpaka kila punje ipate haki yake. Kazi yangu mimi, kijana wa Maramba mwenye miaka ishirini na kitu, ilikuwa kuchukua alichochanganya, kukiyeyusha kwenye mashine, kisha kuvuta mkono wa chuma ili kiingie ndani ya kalibu kitoke kitana. Yeye akikosea, kosa linatokea mikononi mwangu. Mambo yote yalianzia hapo.

Chombo chake kilikuwa pipa la mafuta lililosafishwa, likapitishwa chuma katikati na kufungwa mpini wa kuzungushia. Mtu mwingine yeyote angelifunga sawasawa. Yeye alilifunga mshazari, upande mmoja juu na mwingine chini, kwa hiyo likizunguka lilikuwa linayumba kama mlevi anayetafuta kwao. Siku moja seremala mmoja mpita njia alimwonea huruma, akajitolea kulinyosha bure. Mzee alimtoa nje kwa mwiko.

"Ati kulinyosha!" aliniambia, bado anahema. "Likizunguka sawa, ya juu inabaki juu, ya chini inabaki chini, kila mmoja na jirani yake wa zamani. Mimi nataka wahame. Nataka wagombane, wasukumane, mpaka asiwepo anayejua alianzia wapi."

Na hakulijaza. Nusu tu, hata tajiri alikuwa anasimama pale akilalamika kwamba nusu nzima ya pipa inazunguka na hewa. Mzee alimjibu kwamba hewa ndiyo inayofanya kazi, yeye anaisaidia. Tajiri alikwenda zake akinung'unika Kigujarati, na Mzee akanung'unika Kipemba, na mimi nikabaki katikati sielewi lolote kati ya hayo mawili.

Jambo alilojivunia zaidi ni hamira. Unaweza kudhani nasema maandazi. Hapana, alikuwa na hamira yake ya rangi. Hakumwaga ule unga moja kwa moja ndani ya pipa lenye punje nyingi, kama walivyofanya mafundi wa Mombasa aliowadharau bila kuwahi kuwaona. Alichukua punje kidogo, akazishibisha rangi kupita kiasi, akazitia tone la mafuta ya nazi ili unga ushike, akanipa niziyeyushe. Zikatoka vipande vizito vya rangi kali, ukivitazama macho yanauma. Vipande hivyo akavitwanga kwenye kinu, akanirudishia niyeyushe tena, akatwanga tena. Hiyo ndiyo hamira. Baadaye konzi moja tu ya hamira ndani ya pipa la punje tupu, akazungusha, na vitana mia vikatoka rangi moja kuanzia cha kwanza mpaka cha mwisho.

"Unga mtupu mwoga," alisema. "Ukiumwaga unakimbilia pembeni, unaruka, unaingia puani mwa tajiri. Lakini rangi ikishashikwa ndani ya punje, itakwenda wapi?"

Muda wa kuzungusha hakuupima kwa saa. Saa ya ukutani ya karakana aliiita mwongo wa kuajiriwa. Alipima kwa Yasini. Nyeupe ilitaka Yasini moja ya polepole. Njano moja na nusu. Nyeusi ilitosheka na nusu, maana nyeusi, alisema, haina haya, inaenea yenyewe. Alisoma kimoyomoyo, midomo ikicheza, mkono ukizungusha, na ole wako umsemeshe katikati, kwa sababu angeanza upya na wewe ndiye ungelaumiwa kwa kuchelewa.

Mara moja alishikwa na homa, tajiri akaniambia nichanganye mimi. Sasa mimi ni Mlutheri, Yasini nitaitoa wapi? Nikaona nitumie nyimbo za kanisani, nne, za beti zote. Nilizungusha na kuimba mpaka jasho likanitoka. Vitana vya njano vilitoka na mabaka, kimoja kikiwa na upele, kingine kimepauka. Mzee aliporudi alikiinua kimoja juani, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Uliimba zipi?" akauliza.

Nikamtajia.

"Mna nyimbo nzuri nyinyi," akasema kwa huruma ya kweli kabisa. "Lakini mnapumzika mno kati ya ubeti na ubeti. Punje zinalala."

Alikuwa na wiki yake pia, na wiki ile ilikuwa sheria. Jumatatu nyeupe. Jumanne njano. Kisha waridi, kijani, nyekundu, rangi zikizidi kukolea kila siku mpaka Jumamosi nyeusi, halafu pipa linasuguliwa kwa pumba na kutazamwa kama mtoto anayetoka jandoni. Kwenda mbele ruhusa, kurudi nyuma marufuku, kwa sababu chembe moja ya nyeusi ikibaki ndani ya nyeupe inaonekana mpaka Pangani. Mteja akija Alhamisi kutaka vifungo vyeupe, Mzee alimtazama kama aliyeomba chai mchana wa Ramadhani. Tajiri angeweza kuwa mwenye karakana, lakini mwenye wiki alikuwa yeye.

Na majina ya rangi! Hakuridhika kusema nyekundu. Kulikuwa na nyekundu ya pilipili ya juzi, nyekundu ya jicho la mwenye deni, na nyekundu ya bibi harusi wa pili. Ukimwambia hizo mbili za mwisho unaona kama moja, alikupa pole.

Tabu ni kwamba hakuweza kuiacha kazi mlangoni. Alikoroga chai mpaka ikapoa, halafu akalalamika imepoa. Akinunua andazi alilipasua kwanza katikati, akaliangalia iliki imefika wapi, na mama muuza maandazi wa pale kona alifikia hatua ya kumwekea lake pembeni, limeshapasuliwa. Tukialikwa mahali, alitazama sinia la pilau kwa namna ambayo mwenye nyumba alianza kujitetea kabla hajaulizwa. Siku moja katika maulidi alimnong'oneza mpishi kwamba bizari imelala upande wa mashariki. Niliona mpishi amechukua mwiko.

Mikono yake ilikuwa kalenda yetu. Ukitaka kujua leo siku gani unatazama kucha za Mzee. Hili lilimhangaisha kwa sababu ya udhu. Alihofia rangi inazuia maji yasifike kwenye ngozi, na sala zake zote za miaka mitatu zikawa bure. Alikwenda kumuuliza sheikh. Sheikh akamwambia doa si neno, kinachozuia maji ni kitu chenye mwili, kama nta. Mtu mwingine angeshukuru akarudi nyumbani. Yeye alikaa siku nzima akijiuliza kama kijani chake kina mwili. Tangu hapo alikuwa anajisugua kwa kumbi la nazi na mchanga mpaka ngozi ikawa nyororo kama ya mtoto, na bado kijani kikabaki pale pale kinamtazama.

Lakini usidhani alikipenda alichokitengeneza. Hata kidogo! Ndevu zake alizichana kwa kitana cha mti. Vifungo vya kanzu yake vilikuwa vya uzi. Nilimuuliza mara moja kwa nini, akanijibu kwamba plastiki haina kwao: haikuota, haikufugwa, haikuchimbwa, na yeye hawezi kukiamini kitu kisichokuwa na kwao. Akasema hayo huku anabembeleza pipa kwa kiganja kama ng'ombe wa maziwa.

Na huyu simba wa karakana, aliyemfukuza seremala na kumnyamazisha tajiri, nyumbani kwake Ngamiani hakuwa na kiti. Nasema kweli. Nilikwenda mara nyingi. Mkewe, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu wa barabara ya tatu, alikuwa anampangia: leo kaa hapa, leo kaa kule, inuka nifagie. Naye anainuka. Mwenyewe alinifafanulia kwamba kuna mahali mtu anatoa amri na mahali anapumzika.

Sheria yake kubwa kuliko zote ilikuwa maji. Mafuta, tone, ruhusa. Maji, hata unyevu wa kiganja, haramu. Maji yakiingia kwenye punje yanajificha, hayaonekani, mpaka punje zikutane na moto wa mashine. Hapo yanageuka mvuke yakitafuta njia ya kutokea, na bangili inatoka ina michirizi myeupe kama fedha na vilengelenge ndani. Kwa hiyo mikono ilifutwa kwa kitambaa kikavu kabla ya kugusa gunia. Siku ya mvua milango ilifungwa. Aliyepiga chafya karibu na pipa alitolewa nje mpaka atakaposema haji tena kupiga nyingine, ahadi ambayo sijui binadamu gani anaweza kuitoa. Alisema kwao Pemba aliona karafuu za watu zikiharibiwa na manyunyu ya dakika tano, na tangu hapo yeye na maji wanaonana msikitini tu.

Sasa nifike kwenye marashi.

Mkewe alikuwa mmoja wa wakubwa katika chama cha lelemama, ngoma ya akina mama, na chama chao kilikuwa na mahasimu wao, chama kingine mtaa wa pili tu. Kila Idi walipambana: kwa nguo, kwa nyimbo za mafumbo, kwa mapambo. Mwaka ule chama cha mkewe kikaamua kitatoka na bangili za plastiki, wote sare, kijani cha kasuku. Jambo halijapata kuonekana. Wakaagiza kwetu. Mzee alitwanga hamira ya kijani kile mara tatu badala ya mbili.

Kumbe ikavuma kwamba mahasimu wamepata habari, na wamekwenda kwa mtu wao kuzifanyia bangili zile jambo. Mkewe hakulala. Akapeleka marashi ya waridi yakasomewa, akayatia ndani ya mrashi, kile kichupa cha shingo ndefu cha kunyunyizia wageni harusini, akampa mumewe. Anyunyize ndani ya pipa mara saba.

Mzee alijua kuliko mtu yeyote Tanga nzima maji yatafanya nini mle. Lakini pia alikuwa na nyumba ya kurudi jioni.

Sikumwona akinyunyiza. Nilitoka kunywa chai, niliporudi nikamkuta anazungusha pipa, uso ameuelekeza ukutani, na midomo haichezi. Nilipoanza kuyeyusha ndipo nilipojua. Plastiki ya moto inanuka vibaya, harufu inayokaa kwenye nywele mpaka Jumapili. Siku ile ilinukia harusi. Karakana nzima ilinukia kama tumeletewa bibi harusi. Nikavuta mkono wa mashine, nikafungua kalibu, nikatoa bangili ya kwanza: kijani kizuri ajabu, na ndani yake michirizi ya fedha na vilengelenge. Ya pili hivyo hivyo. Nikamtazama Mzee. Mzee akatazama dari.

Tajiri akaja. Tajiri alikuwa mtu wa ugoro tangu ujana, pua yake ilibaki kuwa pambo la uso tu, hakunusa lolote. Na mwenzangu wa mashine ya pili alikuwa ameshakwenda kwao Mkwaja kwa ajili ya Idi, kwa hiyo hakuwepo mwenye pua isipokuwa sisi wawili. Tajiri akashika bangili, akaona michirizi. Sasa, moto ukizidi kwenye mashine unaacha michirizi inayofanana na ile. Na moto ulikuwa kazi yangu.

"Umeunguza," akaniambia. "Mali yote hii umeunguza!"

"Sikuunguza, Bwana."

"Basi nani? Mzee?"

Akacheka mwenyewe kwa wazo hilo. Mzee wa Rangi na kosa havikuwahi kutajwa pamoja pale. Akasema atakata shauri Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi.

Siku tatu. Katika siku tatu zile Mzee alinifanyia wema ambao hakuwa amenifanyia kwa miaka yote mitatu. Aliniletea kahawa. Aliniletea halua ndani ya karatasi. Aliniambia, "Mmaramba, leo umevuta vizuri," yeye ambaye sifa yake kubwa kwangu kabla ya hapo ilikuwa kunyamaza. Mara nne au tano nilimwona anafungua mdomo, anakohoa, anaufunga. Nami nilinyamaza. Nilijiambia: huyu ni mzee, ni heshima, mwache aseme mwenyewe.

Hakusema. Jumamosi tajiri aliniita mbele ya watu, akaniambia mwunguzaji hamtaki, nichukue changu niende. Nikamtazama Mzee mara ya mwisho. Alikuwa anazungusha pipa kwa nguvu, amekunja uso kama mtu mwenye kazi nyingi. Pipa lilikuwa tupu. Nililisikia.

Tanga ile ilikuwa ndogo. Neno la mwunguzaji lilinitangulia kila nilikokwenda. Hakuna aliyenipa mashine tena, wala ya kushona. Nilikata mkonge miaka miwili, mikono ikawa miiba mitupu, kisha nikarudi Maramba kulima mahindi na mihogo kama niliyeshindwa mjini, na ndivyo majirani walivyonitazama. Nikaoa. Nikatulia, au nilidhani nimetulia.

Asubuhi moja, miaka ikiwa imepita, nilikuwa nje napukuchua mahindi, gari la abiria likasimama barabarani, akateremka mzee wa kanzu nyeupe na kikapu. Nilimjua kwa mwendo. Nikasimama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umenenepa." Akaniangalia juu mpaka chini. "Hapana, hukunenepa."

Nikampa kiti. Hakukaa. Akaniambia kwamba inshallah anakwenda Hija, meli inaondokea Mombasa, na kwamba kwao anayekwenda Hija huanza na watu aliowakosea. Mungu atasamehe yaliyo yake, lakini haki ya mtu hasamehe mpaka mtu mwenyewe aisamehe. Asipopata radhi, safari yote ile ni matembezi.

"Marashi yale nilinyunyiza mimi," akasema.

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu bangili ya kwanza, Mzee. Zilinukia."

Ndipo akakaa. Akatazama mikono yake, safi kabisa, maana alikuwa ameacha kazi.

"Kwa nini hukunitaja?"

"Nilikuwa nasubiri ujitaje."

"Lahaula! Na mimi nilikuwa nasubiri unitaje. Wallahi, ungenitaja ningekubali papo hapo."

Akanieleza yaliyofuata. Zile bangili mkewe alizichukua hivyo hivyo, na akina mama walizipenda kupita kiasi. Michirizi ile ilimetameta juani, wakasema ni baraka ya marashi, na mahasimu wakaja karakana wiki ya pili kuagiza za kwao zenye fedha ndani. Hapo aliona aibu mpaka akaenda kwa tajiri kusema kweli. Tajiri akamjibu kwamba yeye hawezi kumfukuza kwa sababu hana mwingine wa pipa, na mimi ameshanifukuza na mahali pangu ameshamweka mpwa wake, kwa hiyo mambo yabaki yalivyo. Akarudi kwenye pipa lake.

Nilisikia uchungu, sitaficha. Lakini alikuwa mzee, amesafiri, na mke wangu alikuwa anasikiliza mlangoni.

"Yamepita, Mzee," nikasema. "Nimekusamehe."

Akatikisa kichwa. "Upesi hivyo? Hapana, bwana. Hiyo ni adabu, na adabu yako naijua. Kasirika kwanza."

Nikacheka.

"Kasirika," akasema tena, na hakuwa anacheka. "Mimi siendi Makka na adabu."

Basi nikaanza kwa mzaha, nikamwambia kwamba yeye ni mzee mwoga anayemwogopa mkewe. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia nilivyokata mkonge. Sijui mzaha uliishia wapi. Nikamwambia kwamba niliipenda mashine ile, kwamba nilitaka kuwa fundi, kwamba baba yangu alikufa akijua mwanawe aliunguza mali ya watu na sikuwa na namna ya kumthibitishia vingine. Nilimpigia kelele mtu wa umri wa babu yangu, majirani wakatoka kutazama. Hakujitetea hata kwa neno. Nilipomaliza, lile neno la kusamehe, ambalo dakika chache kabla lilikuwa jepesi, sikuliona popote.

"Sasa siwezi," nikamwambia.

"Basi nangoja."

"Gari lako linarudi sasa hivi."

"Liende."

Likaenda. Akakaa kwangu. Loo, mgeni gani yule! Aliswali barazani, watoto wa jirani wakipanga mstari nyuma yake na kuinama anapoinama. Alichagua kiti, na mke wangu, Msambaa mpole asiye na makuu, akamwachia, Mzee mwenyewe akashangaa sana kuachiwa. Alimnyang'anya mke wangu mwiko, akakoroga uji mwenyewe, akamweleza kwamba uvimbe wa unga unaanzia kwenye mkono wenye haraka. Siku ya pili alinifuata shambani akapanda mihogo nami, hatusemezani, na kila mche aliupima kwa jicho kama uko sawa na mwenziwe. Nilijaribu kuendelea kukasirika. Ni kazi ngumu mbele ya mtu anayenyoosha mistari yako ya mihogo.

Asubuhi ya tatu nilitoka nje nikamkuta anafunga kamba za viatu, na nikagundua kwamba ule uchungu haupo. Nikautafuta, haupo.

"Mzee, nimekusamehe."

Akainua uso, macho yakamlenga machozi. "Sasa ndiyo," akasema.

Nilimbebea kikapu mpaka barabarani. Gari likaja, akapanda, akakaa upande wa dirisha, akanipungia mkono. Sikumwona tena baada ya hapo. Nikageuka kurudi nyumbani, moyo mweupe, najisikia mtu mwema kuliko wote Maramba, na nilikuwa nimeshafika karibu na shamba langu ndipo nikasimama.

Kwa sababu nilijua. Siku tatu zile za karakana nilijua, na neno langu moja lingemtoa kwenye adhabu ile. Nilimwona anakohoa, nilimwona anasimama na karatasi ya halua, nikanyamaza, na haikuwa heshima. Nilikuwa naona raha. Mzee yule aliyetuamrisha wote alikuwa kiganjani mwangu, na nilitaka akae hapo siku moja zaidi, na nyingine, hata kazi yangu ikanitoka nikiwa bado natazama. Yeye aliteremka kwenye gari akasema kosa lake kabla hajakaa. Mimi nimelala naye nyumba moja siku mbili, nimekula naye, nimempigia kelele, sikusema langu.

Nikageuka nikakimbia. Nilikimbia mpaka barabarani, nikapita duka, nikapita kanisa, naita, "Mzee! Mzee!" na watu wananiuliza kuna nini. Gari lilikuwa limekwenda.